Makosa ya Nyumba Namba Nne

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika mafundi wanne tulioanza pamoja kubeba zege, mabosi watatu walioniambia sitafika mbali, na daktari aliyenikataza chumvi. Maghorofa mawili niliyoyapiga lipu yamebomolewa kupisha barabara, na waliobomoa walinilaani siku tisa nzima kwa sababu ukuta ulikataa kuachia. Mimi bado nipo. Meno ninayo kumi na moja, macho mawili, na mwiko wangu uko pale pale nyuma ya mlango.

Daftari hili kaninunulia mke wangu. Kasema, "Baba watoto, hizo sifa ziandike humo, masikio yangu nayo yapumzike." Shule nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo naandika polepole kama mtu anayepanga tofali. Lakini nikipanga, halianguki.

Ninachotaka kuandika ni habari ya zile nyumba sita za kifahari kule kilimani. Lipu yote ya ndani niliipiga mimi, chumba kwa chumba. Zimekamilika mwaka wa tatu huu na hakuna aliyenunua hata moja. Mwenye kazi ya kuziuza ni binti yangu wa mwisho. Mimi namwita dalali, yeye ananuna, anataka aitwe ofisa mauzo. Leo amekuja nyumbani uso umemshuka. Bosi wake amemwambia hivi: masika haya yakiisha bila nyumba zote sita kupata wenyewe, afungashe vitu vyake. Sita, si tano.

Nikamwambia, "Mama, waambie watu nani alipiga lipu. Basi."

Akaniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye ninayefukuzwa kazi.

Alhamisi, tarehe 6

Mawingu tu. Goti la kushoto limesema mvua keshokutwa.

Jumamosi, tarehe 8

Mvua imenyesha. Goti langu halijawahi kusema uongo.

Jumatatu, tarehe 10

Leo nimefanya kazi ya kiume. Asubuhi nilikuwa kwenye basi naenda kununua misumari. Pale njia panda ya kupanda kilimani nikaona bango jipya, kubwa kama ukuta wa ghala, la mbao. Mimi nasoma neno moja moja na basi halingoji mtu, lakini maneno matatu niliyapata bila shida: USINUNUE NYUMBA HIZI. Na picha ya nyumba zetu!

Moyo ulinilipuka. Nikajua ni washindani wake, wamekuja kumharibia mtoto riziki yake mchana kweupe. Niliteremka kituo cha mbele. Sikumpigia simu mtu, mimi si mtu wa kushitaki. Nilirudi nyumbani nikachukua ngazi, mwiko, ndoo mbili na saruji nusu mfuko iliyobaki tulipojenga choo cha jirani. Mwenye mkokoteni akanibebea. Kufika saa sita mchana bango lote limekula lipu, limenyooka, limesuguliwa, huoni hata herufi moja. Lipu kwenye mbao haitaki kushika, kila fundi anajua, lakini yangu ilishika. Watu walisimama kutazama. Mmoja akauliza, "Mzee, unajenga nini hapo?" Nikamwambia, "Heshima."

Jumanne, tarehe 11

Lile bango ni la binti yangu.

Amekuja hapa saa moja asubuhi, viatu mkononi. Ameshindwa kucheka na ameshindwa kulia. Kumbe chini kulikuwa na maandishi madogo: KABLA HUJAJA KUZIONA MVUA IKINYESHA. Ndiyo akili yake hiyo. Anasema kila muuza nyumba anaonyesha nyumba siku ya jua, maua yamechanua, madirisha yanameta. Yeye amefunga geti siku za jua. Mtu akija na gari lake kubwa jua linawaka, mlinzi anamwambia, "Samahani mheshimiwa, leo hakuna mvua, rudi ikinyesha." Tena kwenye mlango wa kila nyumba amebandika karatasi yenye kichwa MAKOSA YA NYUMBA HII. Makosa matatu, yameandikwa wazi, kabla mgeni hajavuka kizingiti.

Nikamwuliza, "Nani amekufundisha kuuza kitu kwa kukitukana?"

"Baba, matajiri wamechoka kusifiwa vitu. Ukiwafungia geti watasimama hapo wagonge."

"Na Bosi amekubali?"

"Bosi kasema ni wazimu, lakini hana mwingine wa kufanya kazi mvua ikinyesha."

Mke wangu akasema wazimu ule anajua umetoka upande gani wa ukoo.

Jumapili, tarehe 16

Mvua siku nne. Lipu yangu kwenye bango inaanguka vipande vipande, na kila kipande kikianguka herufi moja inatoka. Pale njia panda sasa ni kama mpirani. Wenye magari wanapunguza mwendo wasome kumetoka nini leo. Watu wanabishana chini kuna tangazo gani mpaka mtu akalizika na saruji. Binti anasema simu haijapumzika. Nimemwambia anishukuru. Amesema atafikiria.

Jumamosi, tarehe 22

Nimepewa kazi! Natembeza wageni. Binti anasema, "Baba, wewe uwe unaongea tu kama kawaida yako." Nimevaa buti za mpira na koti la mvua la mlinzi. Mgeni nampa buti zake mlangoni. Leo amekuja daktari wa meno na mkewe, wamelowa mpaka kope, hawajazoea kulowa. Akasoma karatasi ya nyumba namba moja kwa sauti: barabara ya kupandia ni kali, sebule hupata jua la mchana mpaka saa kumi, bafu la wageni ni dogo. Akacheka. Nikamchukua ukutani, nikamwambia weka kiganja. Nje maji yanamwagika kama yamelipwa ujira, ndani ukuta mkavu. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo. "Unasikia? Huo ni mwili mmoja. Lipu mbaya inalia kama boga tupu."

Aligonga kuta zote za nyumba ile. Mkewe naye akaanza kugonga. Waliondoka wamefurahi kama watu waliotoka kucheza ngoma.

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa nne

Daktari wa meno amechukua namba moja. Mfanyabiashara wa vioo amechukua namba tano.

Alhamisi, tarehe 3

Jua. Geti limefungwa. Magari matatu yamerudishwa, moja kwa matusi.

Jumatatu, tarehe 7

Yule wa matusi amerudi na mvua. Amechukua namba sita. Kweli binti yangu ana akili, na siandiki hivi ili aje asome. Nilikuwa namwona mtoto wa kalamu tu, wa kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Leo nimemwona amesimama kwenye matope, suruali imekunjwa, anamweleza mtu mzima na kitambi chake ubaya wa nyumba bila kutetemeka. Mimi nisingeweza. Mimi nikisema ubaya wa kazi yangu ulimi unakufa ganzi.

Jumamosi, tarehe 12

Brashi alikuja kunywa chai. Brashi ni mpaka rangi, tumefanya kazi pamoja miaka thelathini na moja na sijawahi kumwona ni fundi. Mtu ambaye kazi yake ni kufunika kazi ya mwenzake! Mimi humwambia hivyo kila tukikutana, na yeye hunijibu, "Bila mimi, Pimamaji, kazi yako ni matope yaliyosimama." Pimamaji ndilo jina langu la kazini. Wamenipa kwa sababu jicho langu halihitaji pima maji kujua ukuta umesimama wima. Wengine wanasema ni kwa sababu natembea na pima maji mfukoni. Wana wivu.

Leo ameniuliza, "Namba nne imeshapata mtu?"

Nikamwambia bado.

Akasema, "Ahaa." Akamaliza chai.

Alhamisi, tarehe 17

Ile "ahaa" imenikaa kooni.

Jumatano, tarehe 23

Namba mbili imekwenda, na namba tatu imekwenda, kwa ndugu wawili wasiopatana wanaotaka kuishi karibu ili waangaliane. Imebaki moja. Bosi amempa binti yangu mkono mbele ya ofisi nzima, kisha akamwambia, "Sita, lakini." Radio inasema mvua itakatika mwisho wa mwezi ujao.

Imebaki namba nne.

Alhamisi, tarehe 24

Nitaandika, kwa kuwa daftari halina mdomo.

Ukuta wa lipu lazima uumwagie maji kwanza. Tofali kavu lina kiu. Ukilipiga lipu bila kulinywesha, linafyonza maji ya lipu na saruji inakufa kabla haijashika. Mtoto wa siku mbili kwenye kazi anajua. Siku ile kwenye namba nne bomba lilikauka. Ilikuwa imebaki stoo ya jikoni tu, ukuta mmoja, mapana ya milango miwili. Gari la maji lilikuwa linakuja mchana. Lakini nilikuwa nimemtambia Brashi mbele ya watu kwamba kufika saa sita nitakuwa nimemaliza nyumba nzima na nimenawa. Basi nikaupiga hivyo hivyo, mkavu. Saa sita nilikuwa nimenawa kwa maji ya chupa ya kunywa, Brashi akanipigia saluti.

Ukuta ule unalia kama boga. Wageni nikiwapitisha namba nne nasimama mbele ya mlango wa stoo na kuwaonyesha bustani. Sasa chini umeanza kutoa jasho na rangi inavimba. Nimesogeza kabati hapo. Mtu wa miaka sabini na sita, nasukuma kabati kama mwizi.

Jumamosi, tarehe 3 mwezi wa tano

Amekuja hakimu mstaafu. Mama wa rika langu, mkongojo wa chuma, hataki kushikwa mkono. Anaitaka namba nne kwa sababu ndiyo pekee isiyo na ngazi. Mvua ilikuwa inapiga hasa. Alisimama mlangoni, akavaa miwani, akasoma karatasi.

"Moja, vyura wa bondeni hupiga kelele. Mbili, dirisha la chumba kikubwa linatazama geti. Tatu, jikoni hakupati jua asubuhi." Akavua miwani. "Binti, haya ni makosa ya kujipendekeza. Vyura si kosa, vyura ni majirani. Nimekaa mahakamani miaka mingi. Mtu akikiri makosa madogo matatu haraka haraka, huwa kuna la nne."

Binti yangu akatabasamu. "Mheshimiwa, haya hapa ndiyo niliyopewa na mafundi."

Hakimu akanigeukia mimi. "Fundi, umebakiza nini?"

Nikasema, "Hakuna, mheshimiwa. Gonga popote."

Akagonga na mkongojo wake sebuleni, akagonga kwenye korido, akagonga chumbani. Ngo, ngo, ngo. Jikoni akachungulia stoo, akalitazama kabati muda mrefu. Halafu akasema goti linamuuma, atarudi akiwa na uamuzi. Binti alinikumbatia jikoni pale, akasema, "Baba, tumeshinda, umeona alivyokuamini?"

Bora angenizaba kofi.

Jumapili, tarehe 4

Sikula. Mke wangu alinishika paji la uso kama mtoto, akasema, "Huna homa. Una neno."

Nilikwenda kwa Brashi. Nilimkuta anasafisha mabrashi kibarazani. Nilizunguka sana, nikaongea habari za mvua, za goti, za bei ya rangi. Akanikata.

"Pimamaji, umekuja kwa ule ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa stoo. Nilipoupitishia brashi ulinijibu. Nilijua siku ile ile."

"Na hukusema? Miaka mitatu? Wewe uliyekuwa unatafuta kosa langu kwa tochi?"

Aliendelea kusuuza. "Ningesema ungeubomoa mbele ya watu wote walioona saluti. Nilikuhurumia. Nikapaka mikono mitatu ya rangi badala ya miwili."

Nilikaa. Miaka thelathini na moja nasema mtu huyu anafunika kazi za watu. Kweli anafunika. Sikujua kufunika nako ni kazi ya urafiki. Nilimwambia chai yake ni mbaya, na nikanywa vikombe viwili.

Jumatatu, tarehe 5

Nimepanda kilimani peke yangu. Mlinzi kanifungulia. Nimechukua penseli yangu ya kuchoria ukutani, ile nene, na chini ya kosa la tatu kwenye mlango wa namba nne nimeandika:

4. Ukuta wa stoo ya jikoni. Fundi aliupiga lipu bila kuunywesha maji kwa sababu ya kujisifu. Fundi ni mimi.

Nilitumia nusu saa. Mkono ulitetemeka kwenye "mimi".

Jumanne, tarehe 6

Binti amekuja. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu.

"Baba, wiki tatu zimebaki. Jumamosi hakimu alikuwa amebakiza kusaini tu. Kwa nini hukuniambia mwezi wa tatu?"

"Ungejua kwamba lipu yangu..."

"Kwamba lipu yako nini? Ina kosa? Baba, nimebandika makosa ya nyumba zote kwenye milango yake! Ni wewe tu niliyekuona huna, ndiyo maana nilikuweka mlangoni."

Nikasema nitaubomoa na kuupiga upya. Akasema ataleta vijana. Nikasema mtu asiguse ukuta wangu. Akasema nina miaka sabini na sita. Nikasema najua, nimeandika. Hapo mama yake akaingilia kati: "Mwache afanye. Asipofanya tutakufa naye humu ndani."

Binti aliondoka. Mlangoni akageuka akasema ile karatasi ya namba nne ataichukua kwa siku chache.

Ijumaa, tarehe 9

Nimebomoa. Lipu iliachia kwa pigo moja la tindo, ikaanguka kama gamba. Aibu yenye uzito wa ndoo kumi na nane. Brashi alikuja kubeba kifusi bila kuitwa, akiimba kwa makusudi.

Jumamosi, tarehe 10

Nimeunywesha ukuta maji. Asubuhi, mchana, jioni.

Jumapili, tarehe 11

Maji tena. Mgongo.

Jumatatu, tarehe 12

Nimepiga lipu. Polepole. Hakuna aliyenitazama isipokuwa Brashi, na sikumwambia nitamaliza saa ngapi. Nilimaliza saa kumi na moja kasoro. Ukuta wa mapana ya milango miwili, siku nzima. Haijawahi kutokea fundi kwenda polepole hivyo duniani, na rekodi hiyo nayo ni yangu.

Alhamisi, tarehe 15

Namwagia maji lipu iive. Goti linasema mvua bado ipo.

Jumatatu, tarehe 19

Leo nilikuwa kwenye basi. Pale njia panda dereva akapunguza mwendo, watu wote wakainuka. Bango jipya. Hakuna picha ya nyumba, hakuna maua. Ni maandishi yangu! Yale yale ya penseli, yamekuzwa mpaka herufi moja ni ndefu kuliko mimi: UKUTA WA STOO YA JIKONI. FUNDI ALIUPIGA LIPU BILA KUUNYWESHA MAJI KWA SABABU YA KUJISIFU. FUNDI NI MIMI. Chini yake: AMEUPIGA UPYA. NJOO UUGONGE.

Brashi ndiye aliyelichora, kafuata mkono wangu mpaka ule mtetemo wa mwisho. Mwanamke mmoja kwenye basi akasema, "Huyu mzee ni nani?" Nilikuwa nimejiandaa kufa kwa aibu. Badala yake nikasimama nikasema, "Mimi hapa." Walinipigia makofi mpaka nikapitwa na kituo.

Bosi amepiga simu nyumbani. "Mzee, unaniuzia au unanifukuzia wateja?" Nikamwambia amuulize ofisa mauzo. Nimemwita hivyo, ofisa mauzo, na binti yangu alikuwa amekaa pembeni anasikia.

Jumamosi, tarehe 24

Watu kumi na wawili wamekuja na mvua, wote kugonga stoo. Wawili waliitaka nyumba papo hapo. Binti akawaambia kuna mtu mbele yao, wasubiri. Huyo mtu hajapiga simu. Nilimwuliza kwa nini anaringa na mvua inakwisha. Akasema, "Wewe ulimdanganya, Baba. Wa kwanza kuambiwa ukweli ni yeye."

Nilikwenda stoo nikaugonga tena ukuta, taratibu.

Alhamisi, tarehe 29

Jua siku ya tatu. Goti kimya. Bosi amekuja kuangalia anga.

Jumamosi, tarehe 31

Saa nane mchana goti lilinishika kama koleo. Nikapiga simu: "Mama, fungua geti." Saa tisa mvua ikamwagika, ya mwisho na ya hasira. Hakimu alifika nusu saa baadaye, hakutaka buti. Alisoma karatasi mlangoni, safari hii mpaka la nne, akanitazama juu ya miwani.

"Siku ile nilikuuliza umebakiza nini."

"Nilikudanganya, mheshimiwa."

"Nilijua. Kabati halizibi ukuta wa stoo bila sababu." Akaingia, akavuta kiti cha jikoni, akakaa mbele ya ukuta, akaweka kiganja. Dakika kumi. Ishirini. Mvua ilitwanga paa. Binti yangu alikuwa ananishika mkono wa koti, naye hajanishika hivyo tangu siku ya kwanza ya shule. Kisha hakimu akainua mkongojo akagonga juu, kati, chini.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hiyo karatasi ibaki mlangoni," akasema. "Naihamia na makosa yake yote manne. Na huyu fundi awe anakuja kunisumbua, naona ni mwongeaji. Kalamu."

Amesaini juu ya meza ya jikoni. Sita.

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa sita

Jua. Binti amelala hapa kwetu mpaka saa nne asubuhi, na simu kaizima. Mama yake amesoma daftari hili lote mchana, anacheka peke yake, kisha akasema nimejisifu sana hata pale nilipokuwa najilaumu. Nimemwambia kila fundi na mkono wake.

Haya niliyoandika si ya kutunga. Asiyeamini amuulize Brashi, ingawa atamwambia ukuta aliusaidia yeye. Amuulize ofisa mauzo wa nyumba za kilimani, aliye na kiti chake bado. Amuulize mama hakimu, namba nne, ile yenye karatasi mlangoni. Akiwa hayupo, mlinzi atamfungulia mgeni stoo. Agonge mwenyewe, halafu alete mdomo.